Lakhu Dobi na Kanzu ya Ijumaa

Palikuwa na sultani mmoja, Haidari wa Vumbani, na nyinyi mnawajua wakubwa walivyo: akisikia mwenzake kamzidi kitu, chakula hakipiti. Basi sultani jirani akamwandikia barua ya kujisifu kwamba mjini kwake hakuna hata mtu mmoja asiye Mwislamu. Haidari akasoma, akatoa macho. Akaamrisha mji mzima uhesabiwe. Jibu likaja: wote Waislamu, kasoro nyumba moja. Ya dobi!

Huyo dobi ni Lakhu, Baniani mzaliwa wa papo hapo Vumbani. Nguo za watu alizipiga pasi zikanyooka, lakini ulimi wake mwenyewe, jamani, hakuwahi kuupiga pasi. Ijumaa hiyo akaja zake barazani na kanzu ya sultani mkononi, nyeupe pepepe. Akamkuta sultani anamsubiri, na Kadhi Muhidini kando yake.

"Lakhu," akasema sultani, "leo utasilimu, na mkeo akufuate. Baada ya sala, mbele ya watu wote. Hutaki, jua lisikuchwee mjini kwangu."

Lakhu akamwaza mkewe. Mkewe alikuwa nyumbani anaumwa miguu, hatua kumi hazimalizi. Amchukue ampeleke wapi? Nje ya Vumbani hawakuwa na hata mtu wa kuwapa maji. Aliogopa, tena sana. Lakini mdomo wake haukuwa na desturi ya kungoja ruhusa.

"Maulana, huku si kulazimishana?"

"Astaghfirullah! Nani kakulazimisha? Nimekupa hiari. Usilimu au uhame, chagua mwenyewe."

"Ahsante, Maulana. Hiari nyingi mno."

Kadhi akakohoa. "Maulana, dini haiingii kwa mabavu. Mtume mwenyewe kazi yake ilikuwa kufikisha ujumbe. Mungu angetaka sote tuwe wa njia moja, asingeshindwa. Na huyu ni jirani yetu, ana haki yake."

"Kadhi, nimekuuliza?"

"Hujaniuliza."

"Haya basi."

Lakhu akasogea mbele. "Maulana, dini yenu naiheshimu, ndiyo maana sitaki kuiingia kwa uongo. Nikitamka leo, nitatamka kwa kukuogopa wewe, si kwa kumwogopa Mungu. Moyo wangu utabaki palepale ulipo."

"Moyo wako mimi wanihusu nini? Nani anauona? Mimi nataka ulimi! Utamke, watu wasikie, nami nijibu barua."

"Hata kama moyoni halimo?"

"Hata kama!"

"Nikuridhishe tu?"

"Niridhishe tu! Mbona wanichosha, we Lakhu?"

"Kwa hiyo nina ruhusa ya kukwambia neno nisiloliamini?"

"Si ruhusa. Ni amri!"

"Kadhi, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Kadhi, kainamisha uso, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Basi nimetii, Maulana. Kuanzia sasa hivi."

Mara adhana ikalia. Sultani, furaha tele, akavaa kanzu, akajifukiza udi, akatia miguu viatuni. Kufika mlangoni, akasita. Bwana huyu kwa mambo ya tohara, usafi wa nguo za sala, alikuwa na wasiwasi wa kupita kiasi. Nguo ikiingia najisi, sala imekwenda bure, na leo mji mzima ungekuwa nyuma yake. Nani ajuaye kanzu ile imepitia wapi? Kadhi hajui. Wajakazi hawajui. Aliyeifua ni mmoja tu.

"Lakhu! Jana nimesikia mbwa wamefanya fujo uwanjani kwako, nguo zimeanikwa. Kanzu hii waliigusa?"

Lakhu akatazama dari.

"Nakuuliza wewe! Kanzu hii tohara au si tohara?"

"Tohara, Maulana. Tohara kabisa."

Sultani akashusha pumzi. Akapiga hatua moja. Akageuka tena, jasho linamtoka.

"Lakhu, niambie kweli. Kweli ni tohara?"

"Aa, Maulana, kumbe wataka ya moyoni? Mimi nilikuwa nakuridhisha tu."