Dungu Lililonyamaza

Kaeni vizuri. Baridi ya asubuhi hii imewakunja kama kuku walionyeshewa, na mhubiri wenu leo ni mimi. Najua wapo waliotazama ratiba wakaguna. Guneni tu. Wengine wangewapa Kigiriki. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa amani, wala hatuna ugomvi. Lakini nipeni ndege na wanawake wawili waliokasirikiana, halafu nitafutieni wa kunishinda katika wilaya hii.

Basi palikuwa na bonde, na bondeni mto, na kando ya mto mashamba ya mpunga. Nyinyi mliozoea kuuona mchele ukiwa tayari kwenye mfuko hamjui habari za huko, kwa hiyo nisikilizeni. Kipupwe kikiingia, ukungu unalala juu ya majaruba mpaka jua linapanda, masuke yanaanza kuinama, na hapo ndipo wanapokuja. Kweleakwelea. Ndege mdogo, ukimshika hajazi kiganja. Ila hatembei peke yake. Anakuja na ukoo, na mashemeji, na majirani wa mashemeji. Ukiwaona kwa mbali utasema ni moshi. Huo moshi ukitua shambani mwako ukaachwa ule kwa nafasi, kilichobaki cha kuvuna ni majani.

Kwa hiyo watu wa bonde lile huamia. Kuamia ndiko kulinda mpunga usiliwe na ndege hao. Unajenga dungu, kichanja cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, unapanda alfajiri, unakaa na kombeo lako na kamba iliyofungwa makopo, na kazi yako kutwa ni kuwatazama ndege na kupiga kelele. Wengine humu ndani mngepewa kazi hiyo bila hata kuulizwa maswali. Nisiwataje.

Sasa, yalikuwepo madungu mawili yanayotazamana, na katikati tuta moja la udongo. Dungu la huku, dada mtu. Dungu la kule, mke wa kaka yake. Mawifi. Naona akina mama mmeshaanza kutabasamu. Kaka mwenyewe alikuwa mbali, migodini, na shamba lake alilibeba mkewe, yeye na mtoto mdogo.

Mawifi hawa walikuwa hawasalimiani. Chanzo? Mama mzazi wa yule dada aliugua muda mrefu, na aliyemuuguza ni mkwe. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, yeye. Dada mtu alikuwa mjini na biashara zake. Kila akiitwa anasema nakuja, nakuja. Alikuja mama amebakiza siku moja. Halafu msibani, mbele za watu, uchungu umemjaa na hajui autupie wapi, akaonja uji aliopewa akasema, "Uji mwepesi kama maji. Ndiyo maana mama alikonda."

Mke wa kaka alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini taratibu. Akasema, "Aliyekuja siku ya mwisho ndiye bingwa wa uji."

Basi. Tangu siku ile hakuna hodi, hakuna shikamoo ya mtoto, hakuna chumvi iliyovuka tuta. Dada mtu alirudi kijijini moja kwa moja, akalima sehemu aliyoachiwa na mama yake, na kila alipomwona wifi yake aligeuza uso, kwa sababu alijua. Uji haukuwa mwepesi. Alijua toka alipoumeza. Lakini ukishatamka jambo mbele ya msiba mzima, unalirudisha kwa mlango gani? Akajiapiza kwamba hatatangulia yeye kufungua mdomo. Aanze mwenzake.

Sasa wamefikaje kuongea? Kwa ndege, jamani! Si lazima upige kelele? Na ukipiga kelele lazima useme kitu. Asubuhi moja dada mtu akasimama dunguni, akayumbisha makopo, akapaza sauti:

"Hoyaaa! Tokeni hapa! Nendeni kule kwa wanaokoroga maji wakayaita uji!"

Halafu kutoka ng'ambo:

"Hoyaaa! Tokeni na kwangu! Nyinyi wageni wa siku ya mwisho, chungu kimeiva ndiyo mnauliza chumvi!"

Ndege waliruka. Hawakuwa na hatia, lakini waliruka.

Ikawa ndiyo desturi. Jua linachomoza, vita inaanza.

"Hoyaaa! Huyo mwenye miguu ya korongo! Kaolewa kwa mbuzi mmoja, tena anachechemea!"

"Hoyaaa! Huyo anayechechemea ndiye kaka yako alimburuta mpaka kwetu, analia kuliko mbuzi!"

Waliopita njia ya mtoni wakawaita redio mbili. Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa akitua ndoo yake makusudi, anasikiliza habari, ndipo anaendelea.

Na niwaambie siri ya dada mtu, ambayo hata yeye hakujiambia. Jioni akipika alikuwa anatunga. Anakoroga mboga huku anacheka peke yake: hili kesho halijibu. Aliamka gizani bila kuamshwa. Na kwa ile sauti ya ng'ambo alikuwa anajua yote: leo amelala vibaya, leo mtoto alimsumbua, leo ana furaha, labda kaka ametuma salamu. Alimjua wifi yake kuliko anavyowajua wale anaosalimiana nao kila siku. Lakini ungemuuliza, angekwambia, "Yule? Sina habari naye."

Asubuhi moja baridi ilikuwa ya kung'oa meno. Ukungu mzito, yangeyange wamejikunja kandokando ya mto wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, hata vyura wamenyamaza. Dada mtu akapanda dunguni, akajifunga kitenge cha pili mabegani, akakohoa, akaanza:

"Hoyaaa! Nendeni kwa mwenye mdomo uliopinda kwa kusengenya!"

Akasubiri. Kimya.

Akadhani ukungu umemeza sauti. Akaongeza nyingine, nzuri zaidi, ile aliyoitunga jana jikoni na kuitunza kama nyama ya sikukuu. Akaipaza mpaka makopo yakatikisika yenyewe. Kimya.

Ukungu ukapungua. Akaona kanga ya wifi yake imening'inia pale pale kwenye nguzo ya dungu, na nyuma ya kanga kichwa kimeegemea. Kumbe yupo! Yupo, ana masikio, na hana jibu!

Mama wa vitumbua akapita. "Leo kulikoni? Redio moja imezimwa?"

"Nimemmaliza, shoga yangu," dada mtu akasema, mikono kiunoni. "Leo kafyata."

"Kafyata yule? Yule hajawahi kufyata hata kwa mwenyekiti."

"Sasa kafyata. Mwenyewe humwoni pale?"

Mama wa vitumbua akatazama, akatikisa kichwa, akajitwisha ndoo yake, akaenda. Alikuwa na biashara.

Halafu ule moshi ukaja. Ukazunguka juu ya mto, ukainama, ukatua katika shamba la kule. Dada mtu akaona masuke yanazama kwa uzito. Hakuna kopo lililolia. Hakuna hoya. Ndege wanakula wanavyotaka, na mwenye shamba amekaa.

Hapo moyo wake ukasema neno jema: nenda. Akili ikasema: mjinga wewe, unategwa. Anataka umwone anaibiwa, umwonee huruma, uvuke tuta, halafu kijiji kizima kiseme dada mtu ndiye aliyetangulia. Akakaa. Na baada ya ile ya pili alikuwa hajapaza tena. Akaamua na yeye anyamaze, waone nani atachoka.

Nawauliza nyinyi mnaopenda kushinda: ushindi wa namna hiyo una ladha gani? Dada mtu alikaa na ushindi wake kama mtu aliyepewa sahani bila chakula. Alitazama upande ule. Akatazama tena. Hatimaye akashuka. Msidhani ni toba, hapana. Alishuka na tusi jipya mdomoni, la kumwambia usoni safari hii, maana lilikuwa limemkereketa kooni. Akavuka tuta, mpunga ukimlowesha mpaka magotini, ndege wakaruka kila upande, akafika chini ya dungu, akapanda ngazi, akafungua mdomo.

Akaufunga.

Wifi yake alikuwa amejikunja kando ya nguzo, anatetemeka mpaka miti ya kichanja inatetemeka pamoja naye. Midomo imekauka. Pumzi inapanda kwa mlio. Homa ilimkuta juu kule baada ya kumwacha mtoto kwa jirani na kupanda, ikamkata miguu, ikamkata na sauti. Kamba ya makopo ilikuwa imezungushwa kwenye kiganja chake, lakini mkono haukuwa na nguvu ya kuivuta.

"Wifi!" Ndilo neno la kwanza. Baada ya misimu yote ile, lilitoka lenyewe. "Wifi, mbona hukuniita?"

Yule mgonjwa akasogeza midomo. Dada mtu akainamisha sikio.

"Nimekuita. Tangu alfajiri. Haikutoka."

"Na mimi nilikuwa nakutukana! Unanisikia nakutukana!"

"Nilikusikia," akasema, akivuta pumzi baina ya neno na neno. "Nikasema, ee Mungu, asinyamaze. Maadamu ananitukana, yupo. Mtu yupo. Halafu... ukanyamaza. Ndipo nikaogopa."

Mnasikia, jamani? Yule mmoja aliona kimya akadhani ameshinda. Na huyu mwingine alikuwa ameshikilia yale matusi kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiyo pekee yaliyomwambia kwamba hatakufa peke yake.

Dada mtu akageuza mgongo, akamvuta, akamfunga kwa kitenge kama mtoto, akashuka ngazi moja moja. Alipofika kwenye tuta akasikia mvumo juu ya kichwa. Moshi ule ulikuwa unahama. Umemaliza kule, sasa unaelekea kwake. Chakula chake cha mwaka, pale, masuke ya dhahabu, na dungu lake halina mtu. Alisimama. Mnadhani hakusimama? Na nyinyi mngesimama. Mtu mgongoni, mpunga mbele ya macho, na zahanati iko juu, mlima mzima.

Akaupa mpunga kisogo.

Na njiani, kwa sababu alikumbuka yale maneno, asinyamaze, akaanza. Kwa sauti yote aliyokuwa nayo, huku anahema, anateleza, machozi yanamwingia mdomoni:

"Mzito wewe! Kumbe mchele wote wa kaka yangu uko kwenye mapaja yako! Usilale, mwanamke! Nani amekupa ruhusa ya kulala? Miguu ya korongo hiyo inaniburuzia matope! Na siku ile msibani nilisema uongo, unanisikia? Uji ulikuwa mzito! Ulikuwa uji wa kulea mfalme! Mimi ndiye sikuja! Mimi! Usilale, nimesema!"

Watu walisimama milangoni mwao kutazama mwanamke anayemtukana mgonjwa aliyemfunga mgongoni huku analia. Wakasema amepagawa. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anasikiliza mgongo wake tu. Na karibu na kilele, katikati ya ule mtetemeko wa homa, alisikia mtikisiko mwingine, mdogo sana. Wifi yake alikuwa anacheka.

Mnataka kujua kama alipona. Alipona. Kichomi kilimlaza, lakini alipona. Na mpunga? Mpunga uliliwa, wa huku na wa kule. Msitegemee niwaambie ndege walisikia huruma. Mwaka ule walikula mihogo, nyumba mbili chungu kimoja.

Sasa acheni kutabasamu, nakuja kwenu.

Sisi tuna watu walionyamaza. Yupo aliyekuwa anakupinga katika kila kikao cha jumuiya, anakukera, anakukosoa mpaka unapoteza hamu ya kula. Siku hizi unasema jambo, yeye anaitikia tu, "Sawa." Na sisi tunafurahi! Tunasema, bwana yule siku hizi amekua kiroho. Amekua kiroho wapi? Umeenda kuangalia nyuma ya kanga? Mkeo alikuwa analalamika umechelewa kurudi, sasa halalamiki. Unawaambia wenzako, nyumba yangu imetulia. Kijana wako alikuwa anakujibu ovyo. Sasa anajifungia chumbani, na wewe unashukuru kwamba amepata adabu. Mzee, nisamehe, mimi ni mtoto wako, lakini hiyo siyo adabu. Huyo ameita tangu alfajiri, haikutoka.

Anayegombana nawe bado anakuhesabu kuwa upo. Bado anangoja jibu. Mwogopeni aliyeacha kungoja.

Na sisi tunakaa kila mtu juu ya kichanja chake, tunasema atangulie yeye, mimi sitegwi. Mungu wetu hakutungoja tutangulie. Alishuka yeye, akapita kwenye matope yetu, na sisi midomo yetu ikiwa imejaa matusi.

Sitaki mkaitafakari nyumbani. Nawajua, mkifika nyumbani mtatafakari chakula. Kama jina la mtu limekujia nilipokuwa naongea, inuka sasa hivi. Ndiyo, sasa, mbele ya watu wote. Kama yuko humu, mfuate alipokaa. Kama yuko nje, mlango uko wazi na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi. Kwaya itaimba polepole mpaka wa mwisho wenu atakapokuwa ametoka, na mkituacha hapa na viti vitupu, nitafunga ibada kwa furaha.