Kwa Nini Chombo Kikiipita Zohali Hugeuka Nyuma

Hadithi hii ilitendeka mbali juu, lakini mzizi wake uko hapa chini tulipoketi. Mwenye masikio na aivute karibu.

Hapo kale, katika siku za mwanzo za kurusha vyombo vya anga, chombo kilikuwa hakigeuki nyuma. Kilitumwa mbele, kikatazama mbele. Kikiikaribia sayari kilipiga picha jua likiwa mgongoni mwake, na kikishaipita kilifumba jicho kikaenda zake. Wala msidhani watu wale walikuwa wajinga. Chombo chao kimoja kiligeuka kutazama kilikotoka, jua likaingia moja kwa moja kwenye kamera, na tangu hapo hakikuona tena. Kikabaki kuelea huko, kizima cha mwili, kipofu cha macho. Ndipo wakaweka sharti, na kadiri miaka ilivyopita sharti likageuka kuwa mwiko: chombo kikipita, kisigeuke.

Zama hizo, juu ya Mlima Ngaranga, nchi ya chai na ukungu, palikuwa na kituo chenye dishi kubwa jeupe la kusikilizia vyombo vilivyo mbali. Kilikuwa kituo cha mataifa mengi, lakini mkuu wake alikuwa mtu wa mlimani hapa hapa, Mzee Anyosisye, ambaye alikuwapo kijana siku ile chombo cha kwanza kilipopofuka. Msimamizi wa kamera alikuwa mwanamke aitwaye Tusekile. Huyo alizaliwa bonde la pili kutoka hapa, akasoma hadi nchi za nje, kisha akarudi. Alikuwa mpole wa maneno, ila akishaanza kuwaza jambo haliachi. Mama yake alizoea kusema kwamba kumtoa Tusekile kwenye swali ni kama kumtoa kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Chombo chao walikiita Mbayuwayu, kwa jina la yule ndege asiyechoka hewani. Alisafiri miaka mingi hadi akaifikia Zohali, sayari yenye pete, na picha alizoleta ziliwafanya watu wazima wasahau chakula. Waliiona pete kwa karibu, wakakuta si pete moja bali mapande ya barafu yasiyo na idadi, mengine kama punje ya mchele, mengine kama nyumba, yote yakizunguka pamoja bila kukatizana njia. Wakaiona miezi yake ya barafu. Mmoja ulikuwa na shimo kubwa kama jicho la kengeza. Mwingine upande mmoja mweupe, upande wa pili mweusi kama chungu. Na mkubwa kuliko yote ulikuwa umejifunika ukungu mzito wa rangi ya machungwa, na huo ndio mataifa yote yaliungoja, kwa kuwa Mbayuwayu alikuwa bado hajaufikia.

Tusekile hakuwa akiuwaza huo. Yeye aliuwaza mwezi mdogo, mdogo kiasi kwamba wenzake waliupita kwenye picha kama unavyopita kokoto njiani. Mwezi huo ulikuwa mweupe kupita yote. Miezi mingine ilijaa makovu ya mawe yaliyoipiga tangu dunia kuumbwa, lakini huu, upande wake wa chini, haukuwa na kovu hata moja. Ulikuwa na nyufa chache tu, na kwingine kote ulikuwa laini kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Tena ulipita katikati ya pete ya nje kabisa, pete nyembamba kama pumzi, ambayo kwa hesabu za wataalamu ilipaswa kuwa imekwisha kutawanyika zamani. Haikutawanyika. Tusekile akajiuliza: ni nani anayeupaka chokaa mwezi ule? Na ni nani anayeijaza pete ile kila inapopungua?

Alidhani anajua. Alidhani kwamba chini ya barafu ile mna maji, tena maji ya moto, na kwamba yanapumua kupitia nyufa, yakitoka yanaganda, mengine yanaanguka juu ya mwezi na mengine yanakwenda kuwa pete. Lakini alipoitazama picha moja baada ya nyingine hakuona mvuke wowote. Wenzake walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamwambia kwamba kisichoonekana hakiandikwi.

Ndipo akaenda kwa Mzee Anyosisye kuomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba. Mbayuwayu alikuwa karibu kupita nyuma ya Zohali, ndani ya kivuli chake. Kwa desturi, kivulini chombo kililazwa usingizi. Tusekile aliomba asilazwe, bali ageuzwe, atazame nyuma alikotoka.

Mzee alikataa, na sababu zake hazikuwa za mtu mwoga. Alimweleza kwamba moto wa tumboni mwa Mbayuwayu, ule uliompa joto na nguvu, ulikuwa umefifia kwa uzee. Kivulini kuna baridi isiyo na mfano. Akilala, joto lake litamtosha. Akiamshwa ageuke na kupiga picha, huenda betri ikaisha kabla hajatoka upande wa pili, na hapo mwezi mkubwa wa ukungu, uliongojwa na mataifa yote, hautaonekana maisha yao yote. Akaongeza kwamba aliwahi kuona chombo kikipofuka, na asingependa kuliona jambo hilo mara ya pili.

Tusekile hakubishana. Alitazama dirishani mashamba ya chai yanavyoteremka, halafu akauliza swali ambalo Mzee hakulitegemea.

"Mzee, ulipokuwa mdogo ukirudi kutoka machungani jioni, ulijuaje kama kwenu wamekwisha kuinjika chungu?"

Mzee Anyosisye alicheka. "Kwa moshi. Lakini nyumba zetu za nyasi hazikuwa na bomba la moshi, unajua. Ukija na njia ya chini, jua likiwa mgongoni mwako, huoni kitu, paa ni paa tu. Sisi tulikuwa tunazunguka huku juu, nyumba ikawa kati yetu na jua. Hapo sasa unauona moshi unavyopenya kwenye nyasi, uzi kwa uzi, hata kama mama amewasha kijiti kimoja..."

Hakumaliza. Alijisikia mwenyewe alichokuwa akikisema.

"Nyumba ikawa kati," alisema Tusekile taratibu. "Safari hii nyumba ni Zohali, Mzee. Jua litakuwa nyuma yake, halitatuingia machoni."

Mzee akauliza, "Na akifia humo kivulini?"

"Nitasimama mimi mbele ya mataifa niseme ni kosa langu."

"Hapana, binti yangu. Mkuu wa kituo ni mimi. Nikisema ndiyo, nimesema mimi." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Mgeuze."

Amri ikatumwa. Kutoka hapa hadi Zohali, hata sauti inayokwenda kasi kama mwanga huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo walipotuma walikuwa kama mtu aliyetupa jiwe kisimani akasubiri kusikia mlio. Kisha Mbayuwayu akaingia nyuma ya sayari na sauti yake ikakatika. Hilo walilitarajia. Walijua pia wakati ambao angetokea upande wa pili na kuita.

Wakati huo ukafika, naye hakuita.

Ilikuwa asubuhi, ukungu ndio kwanza unapanda kutoka mabondeni. Katika chumba kile hakuna aliyemlaumu mwenziwe, lakini macho yote yalimkwepa Tusekile, naye akalijua hilo. Moyoni mwake aliwaona watu wa nchi zote waliomwamini, akamwona Mzee akivuliwa cheo uzeeni kwa ajili ya swali lake. Alitamani Mzee amkemee, ingekuwa nafuu. Lakini Mzee alivuta kiti akaketi karibu yake, akamwambia kwa lugha ya kwao kwamba mtu aliyetembea njia ndefu huruhusiwa kuchelewa.

Dishi likaendelea kutega sikio. Watu walianza kuinamisha vichwa, mmoja akavua miwani. Na hapo ndipo mlio mwembamba, dhaifu kama wa kifaranga ndani ya yai, ukasikika kwenye mashine. Mbayuwayu alikuwa ameita. Betri ilikuwa imeisha karibu yote, na kwa kujiokoa alizima kila kitu isipokuwa moyo, akasubiri mpaka alipotoka kivulini na kupata nguvu ya kusema. Alikuwa hai. Jicho lake lilikuwa zima. Na alikuwa amebeba picha.

Zilikuja mstari kwa mstari, kama mkeka unaosukwa. Kwanza ilitokea Zohali yenyewe, duara jeusi, na kuizunguka pete zote zikiwaka kwa mwanga wa jua lililojificha nyuma yake, zile nene na zile nyembamba, na nyingine ambazo jicho la mtu lilikuwa halijapata kuziona. Kisha mistari ikafika kwenye pete ya nje, na ndani yake, kwenye ule mwezi mdogo.

Upande wake wote uliomwelekea Mbayuwayu ulikuwa giza. Lakini chini, kutoka kwenye zile nyufa, ilisimama minara ya mvuke mweupe, mirefu, iking'aa dhidi ya weusi wa mbingu, mmoja pembeni ya mwingine. Kutoka kwenye minara hiyo uzi mwembamba wa ukungu ulipanda, ukajipinda, ukaingia kwenye pete na kuwa pete yenyewe. Mwezi ule ulikuwa unapika. Ulikuwa ukipika tangu kale, ukiilisha pete yake siku zote, nasi tulikuwa tukija na njia ya chini.

"Kumbe kwao wameinjika," alisema Mzee Anyosisye, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

Waliokuwa chumbani wakapiga kelele za furaha hadi wachuma chai waliokuwa shambani wakatua vikapu na kuja kuuliza kuna nini. Tusekile aliwatolea nje picha akawaonyesha, mmoja mmoja. Akina mama walipiga vigelegele vilivyovuka bonde, bonde la pili likaitikia kabla hata halijajua habari yenyewe. Ngoma zikatolewa. Wataalamu wa mataifa, wenye miwani na vitambulisho shingoni, walicheza kwenye matope pamoja na wachuma chai, na Mzee alicheza kuwashinda wote. Siku ile mwezi ule mdogo ukapewa jina la Jiko la Zohali. Naye Mbayuwayu, baada ya kupumzika juani, aliufikia mwezi mkubwa wa ukungu kama ilivyopangwa, na hakupungukiwa na kitu.

Baadaye Tusekile aliitwa kwenda kusimulia nchi za mbali. Watu wa Ngaranga walimsindikiza hadi ukingoni mwa barabara, gari likaanza kuteremka. Lilipofika kwenye ile kona iliyo juu ya daraja, alimwomba dereva asimame. Akashuka, akageuka nyuma. Jua lilikuwa upande wa pili wa mlima, na alituona wote tumesimama kileleni, tumezungushiwa mwanga, na moshi wa kila nyumba ukipanda. Akainua mkono. Tukainua yetu.

Na tangu siku hiyo hakuna chombo kinachoipita dunia ya mbali bila kugeuka kikaitazama kutoka kivulini, kwa maana yaliyofichika mchana huonekana huko. Na tangu siku hiyo pia, mgeni akishuka kutoka Ngaranga, akifika kwenye kona ile husimama akageuka. Nasi tunaobaki juu hatuingii ndani, hata mvua ikinyesha, mpaka ageuke.