Shokapu za Katekista Kandida

"Ukiona sili yalia, papasa chuma."

Mwalimu wa kwaya alipowaambia maneno hayo leo, mlipokuwa mkiwalaumu waimba besi kwamba wanaushusha wimbo, niliwaona mkitazamana. Wengine mlidhani ni maneno ya mafundi tu. Mmoja wenu akanifuata akaniuliza, "Bibi Eusebia, hiyo methali imetoka wapi?"

Haikutoka mbali, wanangu, wala si ya kale. Ilizaliwa hapa hapa kwetu, uani kwa kaka yangu, asubuhi ya Jumamosi, na mimi nilikuwepo mikono yangu ikiwa imejaa oili. Chanzo chake ni hiki.

Wifi yangu Kandida Hyera, mke wa kaka yangu, alikuwa katekista wa parokia yetu. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali mpaka mwalimu anafunga daftari. Parokia ilipopata pikipiki moja kwa ajili ya vigango, yale makanisa madogo ya mbali, Baba Paroko alimkabidhi yeye, maana ndiye peke yake aliyekubali kwenda Lihanda. Lihanda ni kule juu kabisa, mwendo wa saa nne kwa miguu. Kandida alikuwa na miaka arobaini na minne, na hajawahi kuendesha hata baiskeli. Aliangukia kwenye mibuni ya watu mara mbili. Wiki ya tatu alipanda mpaka Lihanda, akarudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, anaimba.

Sasa lazima mjue jambo moja juu yake. Kandida alikuwa mwanamke wa usafi. Sufuria zake zilipangwa juu ya kichanja zikiwa zimesuguliwa kwa mchanga na majivu, mpaka ungeweza kujitazama humo na kufunga kitambaa chako vizuri. Mama mkwe wake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa akiwaonyesha wageni sufuria zile kabla hajawaonyesha wajukuu. Na pikipiki nayo Kandida aliiosha kila Jumamosi. Alisema, "Chombo cha kazi ya Mungu hakiendi kwa watu wa Mungu kikiwa kichafu."

Mwaka wa pili shokapu za mbele zikaanza kulia. Ninyi mnaopanda pikipiki mnazijua, zile nguzo mbili zinazoshika tairi la mbele. Ndani yake mna oili. Bomba la chuma cheupe hupanda na kushuka ndani ya nguzo, na mdomoni pana raba ya mviringo inayoitwa sili. Kazi ya sili ni kulifuta lile bomba na kuizuia oili isitoke. Ikishindwa, oili huchuruzika mpaka kwenye breki, na watu husema shokapu inalia, au sili inalia. Siku moja, akishuka kutoka Lihanda, Kandida alikamata breki ya mbele na breki isikamate kitu. Mtaro ulimpokea. Akatoka humo na magoti mabichi na rozari yake shingoni, akamshukuru Mungu, akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi Ditram.

Ditram akabadilisha sili. Baada ya mwezi zikalia tena. Akabadilisha tena. Zikalia. Mara ya tatu alibadilisha huku akitikisa kichwa, akasema, "Mama Katekista, mimi sina kosa. Sili za siku hizi ni feki."

Neno hilo, wanangu, ni tamu sana. Likikuingia hutafuti tena. Kandida alikwenda moja kwa moja dukani kwa Menas, muuza spea pekee katika kijiji chetu, akamkuta na wateja siku ya gulio.

"Menas, wewe unakata raba za malapa halafu unatuuzia unaziita sili?"

"Mama Katekista, sili hizi hizi wananunua vijana wote wa bodaboda. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Watarudije, na wote wako mtaroni?"

Gulio zima likacheka. Menas alikunja kitambaa chake cha kufutia spea, akakikunjua, akakikunja tena. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumpita. Mtu akitaka hata tyubu anasubiri gari la mjini.

Pikipiki ikaendelea kulia. Mzee Oswin, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, ambaye tangu mwanzo hakupenda kumwona mwanamke juu ya pikipiki, akasimama kanisani baada ya matangazo. "Jumapili ijayo, baada ya Misa, halmashauri itaikagua pikipiki ya parokia. Ikikutwa inalia, itapewa katekista wa vigango vya bondeni, kwenye barabara tambarare. Pikipiki inayolia inahitaji mwanamume."

Kandida alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, Lihanda nina watoto kumi na saba wa Komunyo ya Kwanza. Nikinyang'anywa pikipiki, nani atawafikia?" Kwa miguu angefika mara moja kwa mwezi, na mvua zikinyesha asingefika kabisa.

Wiki ile fundi Ditram alikuwa ameondoka, amefiwa na baba mkwe wake. Ijumaa, kwa kuwa gari la mjini lisingefika kabla ya ukaguzi, Kandida akanituma kwa Menas kuchukua sili mbili mpya. Yeye mwenyewe hakutaka kukanyaga pale. Menas alinifungia kwenye karatasi safi. Jumamosi asubuhi nikamkuta wifi yangu uani, kanga kiunoni, spana zimepangwa juu ya mkeka.

"Tumsifu Yesu Kristo, wifi. Shika kinu."

"Milele, amina. Leo tunatwanga pikipiki?"

"Leo tunaifungua. Nimemtazama Ditram mara tatu, na kila mara nimemuuliza kila kitu. Amenichoka, lakini amenifundisha."

Tukakipindua kinu, tukaiegemeza injini juu yake mpaka tairi la mbele likaning'inia. Kila boliti aliyoifungua aliilaza juu ya ungo kwa mpangilio, ya kwanza kushoto, ya mwisho kulia, ili wakati wa kurudisha tusibahatishe. Akatoa tairi, akatoa shokapu, akamimina oili ndani ya bakuli. Ilikuwa nyeusi kama masizi. Sili za zamani akazing'oa kwa mpini wa kijiko, taratibu.

Nikamkabidhi sili mpya. Hakuipokea.

"Mara tatu imewekwa bila kuombewa," alisema. "Safari hii tuombe."

Akafumba macho, akauweka mkono wake juu ya lile bomba la chuma, akawa analipapasa kutoka juu kwenda chini, kama anavyoushika mkono wa mgonjwa anayemwombea. Aliomba kwa ajili ya barabara ya Lihanda na kwa ajili ya watoto wale kumi na saba. Kisha mkono wake ukasimama kabla ya Amina.

"Wifi, kuna kitu hapa."

"Maliza kwanza kuomba."

"Hapo hapo ndipo ninapoombea. Lete ukucha wako."

Nikapitisha ukucha. Ukakwama. Tukalipeleka bomba kwenye jua, tukaona mistari myembamba kama iliyochorwa na sindano, inashuka kutoka juu mpaka chini. Tukaichukua sili ya zamani, tukaukunjua mdomo wake. Ndani yake mlikuwa na chembe za mchanga, na mdomo wenyewe umekatika mahali pale pale penye mistari.

"Nani amekikwaruza chuma changu?" Kandida aliuliza kwa hasira.

Nilitazama kichanja chake cha vyombo. Sufuria zinang'aa, na chini yake limekaa lile kopo la mchanga na majivu. Nikaanza kucheka, mkosaji mimi.

"Unacheka nini, wewe mwanamke?"

"Wifi, pikipiki unaiosha kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni."

"Na?"

"Na maji."

"Na?"

Akalitazama kopo, akasema, "Kwenye kile chuma cheupe naweka mchanga kidogo. Bila mchanga haking'ai."

Kicheko kikaniishia nilipoona uso wake. Alikaa chini, pale pale kwenye mkeka, katikati ya spana. Kila Jumamosi mchanga wake ulikuwa ukiingia mdomoni mwa shokapu, na kila akipanda na kushuka Lihanda mchanga ule unasaga chuma, na chuma kinakata sili.

"Eusebia," aliniita kwa jina langu, jambo asilolifanya, "nimemchafua Menas kwa ajili ya usafi wangu."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimaliza sala yake, safari hii kwa maneno mengine kabisa, akainuka. Tukaazima kwa jirani yetu anayepaka magari rangi msasa laini kuliko wote aliokuwa nao. Kandida aliulowesha kwa oili, akalisugua bomba kwa kulizungushia, asipandishe wala asishushe. Kila baada ya muda ananiambia, "Ukucha." Napitisha ukucha. "Bado." Anasugua tena. Jua likapanda mpaka utosini. Mwishowe, kwenye mabomba yote mawili, ukucha wangu ukateleza kama juu ya kioo.

Ncha ya kila bomba aliivalisha mfuko wa nailoni ili sili ikipita isichanike. Sili mpya alipoiweka kwenye mdomo wake, aliilaza ile ya zamani juu yake, akawa anagonga ile ya zamani kwa kipande cha bomba, kidogo huku, kidogo kule, mpaka mpya ikakaa sawa bila kuguswa na chuma. Oili akaipima kwa kikombe cha dawa ya watoto, kushoto sawa na kulia. Tukafunga kila boliti, ungo ukabaki mtupu. Akaikandamiza pikipiki kwa usukani mara thelathini, akihesabu kwa sauti. Shokapu zikabaki kavu.

Jumapili baada ya Misa watu wote walibaki. Mzee Oswin alimwagiza ashuke mpaka darajani na kupanda tena, mara tatu. Aliporudi, mzee akatoa leso nyeupe mfukoni, akainama kwa shida, akaifuta shokapu ya kushoto. Akaifuta ya kulia. Akaigeuza leso juani. Ilikuwa nyeupe vile vile. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga cha kwangu kirefu kuliko vyote, maana siku ile niliona kwamba ukoo wetu haujawahi kuoa mke kama huyu.

"Nani ametengeneza?" Mzee Oswin aliuliza.

"Mimi na wifi yangu."

"Hizi sili mmezitoa mjini, siyo?"

Hapo angeweza kusema lolote. Pikipiki ilikuwa kavu, watu walikuwa wakimshangilia, na hakuna aliyejua habari za mchanga isipokuwa mimi na Mungu. Kandida akashuka kwenye pikipiki.

"Sili ni za Menas," alisema. "Na zile za mara tatu za kwanza zilikuwa nzima kama hizi. Nilimwita mwongo mbele ya gulio, na mkosaji alikuwa mimi. Nilikuwa nasugua chuma kwa mchanga. Sili ilikuwa inalia, na mimi naitukana, wala sikupapasa chuma kinachoikata. Menas, ndugu yangu, nisamehe, mbele ya hawa wote."

Menas alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alikuja mpaka mbele, akampa mkono, akasema, "Yamekwisha, Mama Katekista. Lakini mchanga waachie mafundi wa nyumba." Watu wakacheka, na kicheko cha safari hii hakikumwinamisha mtu kichwa. Siku iliyofuata duka lake lilijaa. Mzee Oswin alimwachia Kandida pikipiki, na watoto wa Lihanda walipata Komunyo yao wote kumi na saba.

Methali yenyewe ilitamkwa kwa mara ya kwanza siku chache baadaye, katika kikao cha halmashauri. Mzee Oswin alikuwa akilalamika kwamba vijana wanasinzia kila anapowahutubia. Alizungumza kwa muda mrefu sana, akamalizia, "Vijana wa siku hizi ni feki!"

Menas akanyoosha mkono kwa adabu. "Mzee wangu," alisema, "ukiona sili yalia, papasa chuma."