Chai ya Saa Kumi

Aendaye kwa mkunga akajifunika gubigubi asimlaumu mtu akirudi nyumbani mikono mitupu. Fundi cherehani mmoja alilijua hilo uzeeni, na aliyemfunza hakuwa mkunga, bali mtaalamu wa lishe.

Fundi huyo alikuwa amefiwa na mkewe mwaka mmoja na ushei uliopita. Sukari ilimpanda, miguu ikafa ganzi, na macho yaliyozoea kutunga uzi bila miwani yakaanza kuona ukungu. Daktari akampeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole aliyempa daftari aandike kila kinachopita kinywani mwake na saa yake, hata kama ni pipi. Alimweleza kwamba hakuwa hapo kumkemea. Alitaka kujua anavyoishi, ndipo wapange pamoja.

Fundi akaandika maharage, mboga, samaki, maji. Daftari likawa safi kama shuka la mgeni, lakini sukari iligoma kushuka. Mwezi wa pili hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Daktari akataja kumwongezea dawa, na bintiye aliyekuwa akimsindikiza akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Wiki hiyo, akikata kitambaa cha mteja, mkasi ulitoka nje ya mstari wa chaki. Miaka arobaini ya ufundi, jambo hilo halikuwahi kumtokea. Aliuweka mkasi chini, akaketi.

Siku ya miadi alimwomba bintiye abaki nje. Mtaalamu alifunua daftari, akauliza taratibu, "Mzee, mbona saa kumi jioni pako wazi kila siku?"

Maneno yakamtoka fundi kama mshono uliofumuka. Saa kumi ilikuwa saa ya mkewe. Kwa miaka thelathini na sita alileta trei kibarazani, vikombe viwili vya chai ya maziwa, sukari vijiko vinne vinne, nao wakaketi kutaniana hadi jua lipoe.

"Bado naandaa viwili, mwanangu," alisema. "Nakunywa changu. Chake kikipoa, moyo unakataa kukimwaga. Nakinywa nacho."

Mtaalamu hakucheka. Aliomba asimuliwe mama alikuwa mtu wa namna gani, akasikiliza hadi mwisho. Kisha wakapanga: vikombe vibaki viwili, sukari ipunguzwe kidogo kidogo mpaka iishe, na cha pili kipate mnywaji. Bintiye akaitwa ndani, na fundi akamweleza yote mwenyewe.

Machozi yalimlengalenga bintiye. "Baba," alisema, "hata mimi saa hiyo huwa nakaa peke yangu, namuwaza mama. Kikombe cha pili nitakuja kukinywa mimi."

Miezi mitatu baadaye sukari ilikuwa imeshuka, ganzi imepungua, na daktari hakuongeza hata kidonge kimoja. Daftari sasa lilikuwa na madoa na aibu ndogo ndogo, lakini lilisema kweli. Dawa, daktari na daftari vyote alikuwa navyo tangu mwanzo; alichokosa ni kujifunua. Kweli, mficha uchi hazai.