Nani Amtoe Nje Mtoto wa Mwantumu?

Sogeeni, na mwenye muwa mdomoni ateme kwanza. Habari hii inanichanganya mimi ninayeisema, sembuse ninyi.

Palikuwa na wanawake watatu kwetu Handeni. Mmoja kipaji chake ulimi, wa pili macho, wa tatu kifua. Na palikuwa na Mhina, fundi cherehani, na mkewe Mwantumu, hawana mtoto. Mwantumu alinyweshwa kila mzizi mchungu. Mhina hakunywa hata tangawizi. Si mwanamume?

Mwenye ulimi ni Nyamizi, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua. Alipofariki baba mdogo wa Mhina, Nyamizi alijilaza njiani mbele ya jeneza, kama watani wafanyavyo.

"Hapiti maiti hapa! Mhina, mkeo umemgeuza debe la mizizi. Apa kwamba utakwenda kupimwa wewe, ndipo niondoke."

Watu wakacheka, jua likawaka, maiti akangoja. Mhina akaapa. Nani mwingine angemwambia vile asipigwe?

Mwenye macho ni daktari, Mama Tesha. Aliwapima wote wawili.

"Mwantumu, mayai yako yanapevuka, mirija iko wazi. Mhina, mbegu zako zipo, ila nyingi zinaogelea kivivu."

"Kama mwenyewe anavyoamka asubuhi," Mwantumu akasema.

"Basi tutazisafisha, tuchague zenye nguvu, tuziweke ndani ya mfuko wa uzazi kwa mrija mwembamba, yai linapotoka. Ingekuwa mirija imeziba, au mbegu ni haba mno, nisingewadanganya na njia hii."

Mara ya kwanza Mhina alizitia mbegu zake kichupani nyumbani, akakiegemeza kwenye mtungi wa maji, eti kisichache kama maziwa. Mbegu zikafika zimepoa, hazifai. Daktari hakuwafukuza. Mwezi uliofuata akalivizia tena yai kwa kipimo chake cha picha, kama paka mlangoni pa panya.

Mwenye kifua ni mama yake Mhina, yule yule aliyekuwa akimwita Mwantumu gogo. Siku hiyo Mwantumu ametangulia hospitali, Mhina kajifungia chumbani na kichupa. Heri afe kuliko kupita nacho sokoni.

"Daktari kasema kikae na joto la mwili," akanong'ona nyuma ya mlango.

"Lete."

"Mama, ni mwiko mzazi kushika mbegu za mwanawe!"

"Lete, mjinga wewe. Radhi kwa mizimu nitaomba mwenyewe."

Akakitia kifuani, akajifunga kanga, akapita sokoni akisalimia watu. Mimba ikashika.

Akazaliwa mtoto wa kike. Katika ukoo wa Mhina, aliyemleta mtoto ndiye humtoa nje mara ya kwanza na kumpa jina. Siku ikafika. Nyamizi kaja na jina la kwao, na mtani akinyimwa ni nuksi. Mama mkwe ana jina la marehemu mama yake, kaapa akikosa anahama. Mhina naye anang'ang'ania la daktari.

Mwantumu akasimama kizingitini, mtoto kifuani.

"Na mimi niliyetobolewa sindano, nikatukanwa, nikambeba tumboni, nimekuwa mlango tu wa kupitia?"

Nikimpa Nyamizi, naona mtani kasema tu, hakubeba kitu. Nikimpa mkwe, naona alichobomoa ni kikubwa kuliko alichojenga. Nikimpa daktari, ile si kazi yake? Nikimpa mama mtu, bila wale watatu angekuwa bado anakunywa mizizi.

Mtoto analia, jua linapanda, na wote wamenyoosha mikono. Haya, wewe unayenikodolea macho: ungemweka mikononi mwa nani?