Kizimba cha Bi Mgeni

Nyamazeni nimalize, ndipo mbishane. Na anayetaka hadithi ambayo mwema wake anajulikana mapema, akakae baraza jingine.

Walikuwapo watu watatu. Mbaruku alijaliwa ulimi: neno akilisikia asubuhi, jioni analitumia kama amezaliwa nalo. Mwantumu alijaliwa jicho: akimwona mtu anavyoshika chupa, ameshajua kama atanunua au anapoteza muda. Semkiwa alijaliwa miguu: hajui mbali, hajui mlima. Wote walikuwa watu wa Bi Mgeni, mpika achari wa Soko la Mabanzini. Mbaruku, mtoto wa mdogo wake, alimwita mama mkubwa. Mwantumu alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Semkiwa ni mtoto wa jirani, aliyekulia jikoni kwake na kula chunguni mwake.

Basi soko likabomolewa. Mabanzi yakaondoka, ukaja ukuta wa saruji, na vizimba vikapungua. Kamati ya soko ikaleta mtaalamu wa kuchuja nani abaki. Akamwuliza Bi Mgeni:

"Mama, mteja wako lengwa ni nani?"

"Yeyote mwenye njaa, mwanangu."

"Na mvuto wa bidhaa yako unaupimaje?"

"Naonja."

Kamati ikacheka. Sijui ilicheka nini, maana mama wa watu alijibu kweli. Lakini siku hizi kweli isiyo na jina zito haisikiki. Akapewa mwezi athibitishe kwamba watu wanaitaka achari yake, la sivyo kizimba apewe muuza ndoo za plastiki. Na Bi Mgeni hana shamba, hana mume, hana mtoto. Bila kizimba, atakula kwa kupitapita kwa majirani.

Mbaruku akaenda kwenye mafunzo ya wafanyabiashara, akakaa mstari wa nyuma, akarudi na maneno. Akawakalisha wote jikoni, Bi Mgeni akiwa na kisu na ndimu zake.

"Mteja lengwa ni yule unayempikia kabla hajafika. Mahitaji si kupenda tu, ni kupenda na kutia mkono mfukoni. Mzalishaji ni anayetengeneza. Mrejesho ni yale anayokwambia mtu akishaonja."

"Na kudanganya baada ya kuonja kunaitwaje?" Mwantumu akauliza.

"Kunaitwa adabu, mama."

Wakacheka hadi Bi Mgeni akaweka kisu chini. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona wakicheka pamoja.

Kisha wakaanza kuonjesha watu sokoni, achari mbili: ya embe yenye sukari, na ya ndimu yenye pilipili. Kila aliyeonja alisema, "Mashallah, tamu! Nazunguka, narudi." Mbaruku akafurahi, mrejesho mzuri huo! Mwantumu akamkata kauli: "Mrejesho gani? Hapa kwetu nani amewahi kulaumu chakula mbele ya mpishi?" Akaacha kuuliza watu. Akakaa kimya kutazama nani anarudi na kikopo chake cha kutilia achari mkononi. "Mwenye kuleta kikopo," alisema, "aliamua akiwa nyumbani kwake. Huyo ndiye anayetaka." Na vikopo vyote vilikwenda kwenye ndimu. Kwenye embe, hata kimoja.

"Wifi, hii ya embe inakula sukari bure. Iondoe."

"Ni mapishi ya marehemu mama."

"Marehemu hanunui."

Chungu cha embe kikaondolewa. Mwantumu alikikokota mwenyewe.

Lakini vikopo vilikuwa vichache, kamati isingeridhika. Hapo Semkiwa akajitwika achari ya ndimu mpaka machimbo ya kokoto, mlimani, kwenye watu wanaokula ugali mkavu na dagaa jua likiwa utosini. Wakaonja. Kesho yake wakamgojea njiani. Mteja lengwa akapatikana, kumbe alikuwa anagonga mawe muda wote! Sasa sikieni na hili. Kule juu, Semkiwa hakusema achari ni ya nani. Aliiita achari ya Semkiwa. Siku moja mgonga kokoto akashuka sokoni na kikopo, akamwuliza Bi Mgeni kwa upole, "Bibi, wewe ndiye unayemwoshea Semkiwa chupa?"

Bi Mgeni akamjazia kikopo.

Siku ya kamati ikafika. Semkiwa alileta watu kutoka mlimani, vumbi likiwa bado nyusini. Mwantumu akaonyesha vikopo walivyoshika, akaeleza kwa nini kikopo ni ushahidi na sifa si ushahidi. Mbaruku akayasema hayo yote kwa lugha ya mtaalamu, na mtaalamu akatikisa kichwa kwa raha. Ulimi wake ukanoga, ukapita mpaka:

"Na mzalishaji tunaye wa nyumbani, gharama yake ni ndogo sana."

Bi Mgeni alikuwa amekaa benchi la nyuma. Alielewa kila neno. Si alifundishwa na Mbaruku mwenyewe?

Kizimba kikapatikana. Lakini mwenyekiti akasema mlango unaandikwa jina moja, tena la mmoja kati ya hawa watatu, kwa kuwa mtaalamu atakuja kuuliza na Bi Mgeni alishashindwa kujibu. Mama achague sasa hivi. Asipochagua, ndoo zinaingia.

"Mama mkubwa, bila maneno yangu wangekusikia?"

"Maneno ya nini, Mbaruku? Ungesifia embe mpaka tufukuzwe!"

"Mngesifia na mngepima nani, shangazi?" Semkiwa akamwambia Mwantumu. "Mlikuwa na wateja nyie?"

Kila mmoja alisema kweli, na hapo ndipo ninapokasirika. Ungemtoa mmoja, kizimba kingepotea. Na kila mmoja alichukua chake: huyu alimfanya gharama, yule alimwondolea chungu cha marehemu mama yake, huyu mwingine alimfuta jina.

"Nyamazeni," Bi Mgeni akasema. "Mmenifundisha kumpima mteja. Hamkunifundisha kuwapima nyinyi."

Sasa nanyi msiniletee majibu ya ujanja. Msiniambie wagawane; mlango una jina moja. Msiniambie akatae wote. Hasira haipikwi ikaliwa. Atakayetajwa ndiye atakayemlisha Bi Mgeni mpaka uzee wake uishe, na Bi Mgeni ndiye atakayempikia.

Mwenyekiti ameinua kalamu, anamtazama. Ungekuwa wewe umekaa benchi lile, ungetaja jina la nani? Na ukishalitaja, kesho asubuhi ungeamka umkatie ndimu?