Nguzo Iliyokuwa na Njaa

Mtoto akiuliza, inama.

Jana arusini mlimsikia shangazi yenu akimrushia maneno hayo kijana mmoja aliyekuwa akivutwa shati na mwanawe, huku yeye anaendelea kuzungumza na wenzake. Mkacheka, mkadhani anaambiwa aokote sahani. Leo mmekuja mnataka kujua maneno yale yalitoka wapi. Vema, kaeni. Na mwenye redio aizime. Methali hii ilianza na nguzo ya nyumba, tena ilianza hivi.

Upande wa Uzigua, katika kijiji cha Kwamhoza, aliishi mkulima mmoja jina lake Mhina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hapendi kukatizwa. Mkewe aliitwa Mwantumu, na binti yao Mwanamvua. Mtoto alirithi jina la marehemu mama yake Mhina, kwa hiyo siku ambayo baba alikuwa na furaha alimwita "mama". Siku nyingine alimwita "wewe".

Mwanamvua alikuwa bado mdogo, hajafikia hata umri wa kupelekwa chuo cha Kurani kujifunza alifu, lakini mdomo wake haukujua kupumzika. Hakuuliza kama watoto wengine, swali moja kisha mbio kwenye michezo. Yeye aliuliza, akasubiri, na usipojibu aliuliza tena kwa sauti ileile, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wamo ndani.

"Baba, jogoo akiugua, nani anaamsha watu?"

"Muulize mama yako."

"Mama amesema nikuulize wewe."

"Basi kamuulize jogoo."

Na mtoto alikwenda kumuuliza jogoo. Alichuchumaa mbele yake, akamkazia macho, mpaka jogoo mwenyewe akaona haya akatoka bandani.

Mhina alikuwa na majibu ya aina mbili. Moja lilikuwa la kumtuma mtoto kwa mtu mwingine, na la pili lilikuwa uongo. Kwa nini moshi unapanda juu? Unakwenda sokoni. Kwa nini mbuzi ana ndevu na bado ni kijana? Alioa mapema. Barazani wenzake walivunjika mbavu. Mtoto hakucheka. Aliyachukua majibu yale kama yalivyo, akaenda kuyafanyia kazi.

Sasa nyumba za huko siku zile zilikuwa hivi. Katikati ya chumba cha moto ilisimama nguzo moja nene iliyoitwa nguzo mama. Juu yake lililala dari la miti, na juu ya dari ndiko yalikowekwa mahindi ya chakula, yapate moshi wa jiko yasiliwe na wadudu. Chini ya dari hilo, pembeni mwa jiko, alilala mzazi na kichanga chake mpaka arobaini, kwa ajili ya joto. Nguzo mama ndiyo iliyobeba vyote. Wazee walikuwa na sharti moja juu yake: haikandikwi. Kuta kandika upendavyo, lakini nguzo ile iache wazi, imwoneshe kila apitaye jinsi ilivyo.

Mhina alilijua sharti hilo. Lakini Mwantumu alipokuwa na mimba ya pili, Mhina alianza kuwafikiria wageni watakaokuja kwenye arobaini, akaona haya kwa jinsi nguzo ilivyokuwa nyeusi kwa masizi. Akachimba udongo mwekundu wa kichuguu, ule ukikauka unashika kama saruji. Akaikandika nguzo tangu chini mpaka mkono wake ulipofika, akailainisha kwa kiganja hadi ikang'aa. Waliokuja kuiona waliisifu. Jirani yake, mzee Kibaja, peke yake ndiye aliyesimama akaitazama kwa muda.

"Umeivisha kanzu," alisema. "Siku ikiugua utajuaje?"

"Mzee, karibu kahawa," Mhina akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwantumu akajifungua salama mtoto wa kiume. Mnajua mambo yanavyokuwa nyumbani akija kichanga. Mikono yote ina kazi, na mtoto mkubwa anakuwa mkubwa ghafla bila kuulizwa. Mwanamvua, ambaye juzijuzi tu alikuwa akilala mgongoni kwa mama yake, sasa alisikia mambo matatu kutwa: usimguse mwenzio, usipige kelele, toka nje. Hakulalamika. Alichukua kigoda chake, akakiweka chini ya nguzo mama, akaegemeza mgongo. Pale alikuwa karibu na mama yake na hakumsumbua mtu.

Ndipo lilipokuja swali lenyewe. Alimfuata baba yake uani, akamkuta anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Baba, nguzo inakula nini?"

"Inakula watoto wanaouliza sana."

Mwanamvua akalipima jibu. "Mimi haijanila. Inatafuna kitu kingine."

"Wewe, niache nifanye kazi."

Mtoto akaondoka.

Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha kwa adabu, na mavuno yalikuwa makubwa kuliko Mhina alivyozoea. Mahindi yalirundikwa uani mpaka kuku wakachoka kudonoa. Dari lilikuwa bado na akiba ya mwaka uliopita, lakini nafasi ilikuwapo. Mhina akapatana na mzee Kibaja na vijana wachache waje baada ya adhuhuri, wapandishe mzigo wote kwa pamoja, ili ua uwe mweupe kabla ya arobaini.

Siku hiyo aliingia chumba cha moto kutafuta mahali pa kusimamisha ngazi. Chini ya nguzo yake nzuri akakuta matonge ya ugali, makavu na mabichi, vichwa vya dagaa, na uji uliomwagwa ukatiririka hadi sakafuni. Sisimizi walikuwa wamejipanga kama watu wa hijja.

"Nani ameweka uchafu huu hapa?"

Mwantumu alikuwa kitandani ananyonyesha. "Mimi nilidhani ni wewe," akasema. "Kwa unavyoipenda nguzo hiyo, nikajua umeanza kuitambikia."

Mhina hakucheka. Mwanamvua akainuka kigodani.

"Ni mimi, baba."

"Chakula cha watu unamwaga chini?"

"Ina njaa. Inatafuna kutwa nzima."

Mkono wa Mhina ukapanda. Mtoto aliuona, akarudi nyuma hatua moja, lakini alikuwa hajamaliza maneno yake, na yeye hakuwa mtu wa kuacha maneno katikati.

"Ulisema inakula watoto wanaouliza," akasema. "Mimi ndiye ninayeuliza. Mwenzangu huyu hajui hata kusema, na analala hapa hapa. Nikaona niilishe, isije ikamla yeye kwa makosa."

Mkono ukabaki juu, haujui pa kwenda. Kisha Mhina akaushusha, akajifuta nao uso.

"Umesikia?" akasema Mwantumu taratibu. "Tonge lake la mwisho halili siku hizi. Analiweka mkononi, nami nikadhani anampelekea paka. Baba Mwanamvua, wewe ndiye uliyemwambia kwamba nguzo inakula watu. Basi mwoneshe kwamba haili."

"Nimwoneshe vipi? Nguzo itatafuna kwa meno gani?"

"Si uende ukasikilize, yaishe."

Mhina akaenda ili yaishe. Akasimama kando ya nguzo, akabandika sikio kwenye ule udongo mwekundu, usawa wa kichwa chake. Hakusikia kitu ila sauti za vijana waliokuwa wanaingia uani na kamba zao.

"Haya. Haina njaa, wala mdomo haina."

"Si huko, baba," akasema Mwanamvua. "Huko ni kwako. Huku kwangu." Akaweka kiganja chake mahali kichwa chake kilipokuwa kikiegemea kila siku. "Inama."

Mhina akainama. Haikutosha. Akapiga goti, kisha goti la pili, mpaka shavu lake likawa pale palipokuwa na kiganja cha mtoto.

Akasikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, isiyokatika, kama mvua nyepesi juu ya majani makavu. Kwacha, kwacha, kwacha. Akagonga kwa kifundo cha kidole, nguzo ikaitika kama kibuyu kitupu. Akachomoa kisu chake kiunoni, akakisukuma taratibu. Hakikugonga mti popote. Kiliingia mpaka mpini, na alipokichomoa, mchwa weupe wakamwagika juu ya matonge ya ugali.

Mhina hakupandisha sauti. "Mwantumu, toka nje."

"Mtoto hajashiba, amenyonya titi moja tu."

"Atanyonya nje. Pita upande wa ukuta. Usiiguse nguzo, usivute shuka."

Mwantumu akamtazama usoni, akainuka. Alipita kando ya ukuta na kichanga kifuani. Mhina akamkwapua Mwanamvua na kigoda chake, akatoka nyuma yao. Mlangoni akakutana na kijana wa kwanza, tenga la mahindi liko begani.

"Rudisha," akamwambia. "Haingii mtu."

Mzee Kibaja akaja, akachungulia kutoka kizingitini, akaona lile tundu la kisu na kinachotoka ndani yake. Akawatuma vijana wakakate miti ya kuegemeza dari ili akiba iteremshwe. Wakaondoka mbio. Lakini nguzo haikuwasubiri. Haikuanguka kwa kishindo kama mnavyodhani. Ilikunja goti, kama ng'ombe anayelala, kisha dari likashuka zima zima na mahindi yake yote. Vumbi likatoka mlangoni likawafunika waliokuwa uani. Lilipotulia, watu walichungulia wakakitafuta kitanda cha mzazi. Hakikuonekana. Palikuwa na kilima cha mahindi na miti iliyovunjika, na ncha moja ya shuka.

Mwantumu alimbana mwanawe kifuani mpaka kichanga kikalia.

Mhina akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alipokaa hivyo, uso wake ukawa sawasawa na wa binti yake.

"Ahsante, mama," akasema. "Ahsante sana, mama yangu."

Mwanamvua alikuwa anaangalia mlango. "Baba, sasa imeshiba?"

Vijana waliorudi na miti yao wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha watu wanaofuta macho. Mhina hakucheka nao.

"Haikuwa na njaa," akamjibu. "Nilikudanganya. Ni mchwa, wadudu wanaokula mti. Ulisikia sawa. Mimi niliwafunika kwa udongo wangu, wakala bila kuonekana."

Hilo lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli kwa mtoto yule, na mtoto alilipokea kama mtu aliyepewa haki yake. "Wanaumwa meno?" akauliza.

"Sijui. Tutawaangalia."

Mzee Kibaja alikuwa amesimama na fimbo yake anatikisa kichwa. "Mhina, nimepita kando ya nguzo hiyo tangu ulipoikandika, na sikusikia kitu. Wewe ulijuaje?"

"Mtoto aliuliza."

"Watoto wote wanauliza. Wewe ulifanya nini?"

"Niliinama."

Mzee akaacha kutikisa kichwa. "Basi," akasema. "Leo umenifundisha na mimi."

Familia ililala kwa mzee Kibaja, na arobaini ikafanyika uani kwake. Mhina aliwashukuru watu mpaka wakamwomba akae. Alichinja mbuzi ambaye hakuwa amepanga kumchinja. Nyumba mpya ilipojengwa, nguzo mama iliachwa wazi, na kila asubuhi yeye na Mwanamvua waliizunguka, mmoja anaangalia juu, mwingine chini.

Lakini maneno yenyewe yalisemwa siku ile ile ya arobaini. Shehe alikuwa katikati ya dua, watu wameinua mikono, kimya kimetanda. Mwanamvua akapenya kati ya wanaume, akamvuta baba yake kanzu. Mgeni mmoja kutoka mbali akanong'ona kwa hasira, "Mwondoe huyo mtoto, hana adabu."

Mhina akaangalia huku na huku. Alikuwa mwenyeji, na macho yote yalikuwa kwake. Akainama mbele ya watu wote, akatega sikio.

"Mwenzangu amejikojolea," mtoto akamwambia, "na mama naye mikono iko juu. Nimbadilishe mimi?"

"Unaweza?"

"Naweza."

"Nenda, mama. Ahsante."

Yule mgeni akafungua mdomo tena. Mzee Kibaja, aliyekuwa jirani yake mkekani, akamwekea mkono gotini, akamwambia kwa sauti ambayo safu nzima ilisikia:

"Ndugu yangu, hapa kwetu mtoto akiuliza, inama."